Tembo kabaki, msimulizi kazama

Wadau wa vitabu, nina tabia moja: sili karanga zilizofungwa kwenye gazeti kabla sijaisoma karatasi yenyewe. Hapa Dodoma, soko la Majengo, nimepata elimu nyingi kwa bei ya karanga. Vile visanduku vya "Je, wajua?" huwa navikata na kuvibandika daftarini. Juzi nilivisoma vyote mfululizo, na leo navihakiki kama tunavyohakiki hadithi fupi. Maana ni hadithi fupi, tena fupi mno.

Chukua kile maarufu: jina Dodoma limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani amezama, baada ya tembo kuzama matopeni. Vipande vyangu vyote vya tembo huyo vinaanza na "inasemekana". Inasemwa na nani? Wagogo ndio wasimulizi, lakini neno hilo moja limewafuta. Tembo kabaki, msimulizi kazama.

Kingine kinahusu Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na baadhi ya matrekta yao yaliundwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo ukakauka kama saruji, mvua ikagoma, mradi ukafutwa 1951. Nilicheka kweli. Ila kisanduku kinaishia kwenye kicheko. Hakisemi kwamba wenyeji walikuwa wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, watu waliokwisha kuisoma ardhi hiyo kwa ukame mwingi. Wala hakisemi kwamba miaka ya 1960 Kongwa hiyohiyo ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Hapo ndipo riwaya ilipo, jamani!

Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, hakutosheka na kisanduku. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Ona hilo jina: kabla hujafungua ukurasa, umeshajua habari ni za nani.

Sisemi visanduku vifutwe. Mimi mwenyewe bila hivyo nisingemtafuta Mnyampala. Ninachowaomba wahariri ni kidogo tu, mstari mmoja wa ziada: mkitupa tembo, tupeni na aliyemwona akizama.