Besi Ikae Mbele: Kuitambua Krosova Iliyopangwa Vizuri

Matatu ya Nairobi husikika kabla haijaonekana. Kibao cha namba kinatetemeka, vioo vinaitikia, na abiria wa kiti cha nyuma anapigwa besi mgongoni. Mdundo upo, hilo halina ubishi. Lakini mwenye sikio husikia jambo jingine: mwimbaji yuko mlangoni, besi iko nyuma peke yake, na kati yao pana shimo. Huenda spika zenyewe ni za bei kubwa. Kilichokosewa ni krosova.

Krosova ndiyo inayogawa kazi. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na hakuna spika moja inayobeba masafa hayo yote vizuri. Hivyo sauti nzito hupewa sabufa, za kati hupewa spika za milangoni, na nyembamba hupewa twita. Zikigawiwa sawasawa, msikilizaji hajui ni wapi spika moja imeikabidhi nyingine kijiti.

Ukaguzi huanza sabufa ikiwa imezimwa. Spika ya mlangoni ya inchi 6.5 ikiachiwa sauti nzito, koni yake inaruka mbele na nyuma bila faida, kwa kuwa kila oktavi moja kwenda chini, yaani hezi zikipungua nusu, huidai isogee mara 4 zaidi ili sauti ibaki na nguvu ileile. Na mwimbaji anabebwa na koni hiyohiyo, basi naye anatikisika. Fundi anayejua kazi yake hutoa kava ya spika, akashika bisibisi ndogo na kuzungusha palipoandikwa HPF, kichujio cha kuzuia sauti nzito, kwenye amplifaya, kutoka hezi 50 kwenda 80, macho yakiwa kwenye koni. Ilikuwa inapepesuka, sasa imetulia. Maneno ya wimbo yaliyokuwa yakimezwa yanatoka moja moja.

Kisha sabufa inawashwa, nayo inazuiwa isipande juu ya hapo. Hezi 80 si namba ya kubahatisha. Wimbi la sauti hiyo lina urefu unaozidi mita 4, na sikio hushindwa kutambua linatoka upande gani. Sabufa ikiruhusiwa kufika hezi 120 au 150, inaanza kubeba sauti ya mwanamume anayeimba, na hapo sikio linageuka lenyewe kutazama buti.

Mteremko, yaani ukali wa krosova katika kukata sauti, nao una maana. Kwenye mteremko wa desibeli 12 kwa oktavi, spika ya mlangoni iliyokatwa hezi 80 bado hupokea, kwenye hezi 40, karibu sehemu moja ya 16 ya nguvu. Kwenye mteremko wa 24, hupokea chini ya sehemu moja ya 200. Mpangilio wa 24 unaopendwa na wengi una majina ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, ambao kazi yao ilitangazwa mwaka 1976. Sifa yake ni kwamba penye makutano kila upande hushuka desibeli 6, na zikijumlishwa sauti inabaki tambarare, bila kilima wala bonde.

Kipimo kizuri cha makutano hayo ni rumba ya Kongo, hasa ya Franco na TPOK Jazz, kwa kuwa gita la besi halikai mahali pamoja. Uzi wake mzito ukipigwa wazi hutoa hezi 41. Vidole vikipanda, noti zinavuka 80 na kuingia kwenye eneo la milango. Mkaguzi huzifuata kama mtu anayepanda ngazi gizani. Noti moja ikivimba kuliko wenzake, huenda sabufa na milango zimepandana. Ikizama, ama pana pengo, ama spika zinashindana: moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na sauti zinauana. Hapo fundi hubadili swichi ya 0 na 180, au hugeuza waya za chanya na hasi za sabufa, huku mteja amekaa kiti cha dereva. Upande unaotoa besi nene zaidi kitini ndio wa kuachwa. Jaribio hilo ni la dakika moja tu, na halina gharama.

Kwa twita, taarab inatosha. Ala ya kanuni ikidonolewa, kila uzi usikike umeguswa, bila kuchoma sikio. Ukisikika mkavu na mbali, kapasita iliyounganishwa kwenye waya wa twita isomwe. Kwenye twita ya omu 4, kapasita ya mikrofaradi 10 huanzia karibu hezi 4,000. Ya 4.7 huanzia karibu 8,500, na spika ya mlangoni iliyokwishachoka kabla ya hapo huacha uwazi katikati.

Mwisho, sauti inapunguzwa mpaka watu wawili waweze kuongea bila kupaza. Mteja anafumba macho na kuombwa aonyeshe kwa kidole besi inatoka wapi. Sabufa iko kwenye buti, nyuma yake kabisa. Kazi ikiwa safi, kidole kinaelekea dashibodi.