Kafara la Ubao

Useremala wa Bujumbura, hususan ule wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kimekuwa lugha yake ya kazi na ya ujirani tangu mji huo ulipoitwa Usumbura, husifiwa na wanunuzi kwa yale yanayoonekana, yaani mng'aro wa vanishi na milango ya kabati inayofunga bila kukwaruza, ilhali sehemu kubwa ya ustadi wake imo katika alama ambazo fundi amezizuia zisitokee. Mojawapo ni ile inayoachwa na jiliwa, chombo cha chuma chenye mataya na parafujo, ambacho kwa Kifaransa, lugha iliyozipa zana nyingi majina katika karakana za Burundi, huitwa serre-joint, na ambacho huzibana mbao zilizopakwa gundi hadi gundi ikauke.

Nguvu ya parafujo ikipita katika taya lenye eneo la sentimita mraba 4, huelemea nyuzi chache za mti, nazo, kwa kuwa ni mirija myembamba yenye uwazi ndani, hubonyea. Lakini nguvu ileile ikipokewa kwanza na kibao kigumu cha sentimita 8 kwa 6, husambaa juu ya sentimita mraba 48, shinikizo likapungua mara 12 na kiungo kikabaki kimebanwa vilevile. Kibao hicho, ambacho aghalabu ni kipande kilichobaki baada ya kukata, kinastahili jina zito kuliko kinga: ni kafara, yaani kitu kinachotolewa ili balaa liishie kwacho, na makovu yake ni makovu ambayo meza imeepushwa nayo. Mgrevilea, mti wa asili ya Australia uliozoeleka katika mashamba ya Burundi, unahitaji kafara hilo zaidi kuliko mbao ngumu zitokazo misitu ya Kongo.

Mbao ngumu nazo zina hatari yake. Nyingi zina tanini, kemikali ileile inayoipa chai ukali wake, ambayo ikikutana na chuma penye unyevu wa gundi nyeupe hufanya doa jeusi lisilotoka kwa msasa mwepesi. Kwa hiyo kibao huzuia doa pia, si mbonyeo tu, na fundi makini hukifunika kwa plastiki ili gundi inayochuruzika isikinatishe.

Alama ikishatokea, dawa yake ni kitambaa kibichi na pasi ya moto, hata ya makaa, kwani mvuke huingia katika nyuzi zilizobonyea na kuzivimbisha zirudi mahali pake, ingawa zilizokatika hazirudi kamwe. Subira hapa ni sehemu ya ufundi. Fundi anayepiga msasa kuzunguka alama hiyo mpaka uso usawazike, bila kuitia mvuke, huondoa ubao usiobonyea na kuacha nyuzi zilizosongwa zikiwa bado zimelala. Kazi iliyokamilika hivyo mwezi wa Julai, katika ukavu wa kiangazi, huonekana laini kabisa, kisha mvua za Novemba zinapolijaza unyevu bonde la Ziwa Tanganyika, nyuzi zile huvimba, na pale palipokuwa na shimo hujitokeza kinundu chini ya vanishi.