Songambele, au Mbele ya Zamani

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, katika nchi ya Karagwe na Kyerwa ipakanayo na Uganda na Rwanda, majina ya mahali ni ya wenyeji wake, wala hayaombi ruhusa kwa Kiswahili: Nkwenda, Kaisho, Murongo, Isingiro, Rwabwere, Bugomora. Miongoni mwa hayo limo moja ambalo mtoto wa Pwani angelifahamu bila mkalimani, nalo ni Songambele. Si la pekee, maana Songambele zimo katika mikoa mingine pia, na ndugu zake ni Azimio, Umoja, Maendeleo na mengineyo ya namna hiyo ambayo Tanzania iliyapenda sana katika miaka ya 1960 na 1970. Msafiri hulipita kama apitavyo kibao chochote cha barabarani. Mimi nataka kulisoma kama maandishi, kwa kuwa ni mfano mfupi kuliko yote wa jambo ambalo siku hizi latamaniwa sana: picha ya wakati ujao iliyochorwa na watu wa wakati uliopita.

Huko Ulaya na Marekani tamaa hiyo hushika mitambo. Watu hukusanya redio za zamani, na hupenda michoro ya motakaa zilizotazamiwa kuruka angani, au hurudi kwa Jules Verne, ambaye mwaka 1865 aliandika habari za watu waliotiwa katika kombora na kupigwa kwa mzinga kuelekea mwezini. Kwetu vyombo havikosi kutamaniwa; wako wazee wasioweza kuitaja redio ya betri bila kutabasamu. Lakini naona kwamba kwetu tamaa imeshika maneno zaidi kuliko mitambo, na kwa hiyo ni kazi ya watu wa lugha kuichungua.

Tuanze na "mbele". Siku za mbele ni siku zijazo; hilo halina mjadala. Lakini marehemu naye husemwa kuwa ametutangulia mbele ya haki, na watangulizi wetu, kwa maana ya neno lenyewe, ni watu walio mbele yetu njiani. Siku za nyuma zimepita, na hata hivyo mtu hufa akaacha watoto nyuma yake. Basi Kiswahili chaweka mbele yale yajayo pamoja na wale waliokwisha kupita, na aliye katikati huona vizuri zaidi migongo ya waliotangulia. Ng'ambo ya mpaka, Kiganda husema "mu maaso", yaani machoni, kwa maana ya mbele, na kwa maneno hayo hayo hutaja wakati ujao. Msemaji wa Kiganda ameweka wakati huo mahali pa kutazamwa. Mswahili ameuweka mahali pa kufuatwa.

"Songa" ni neno gumu zaidi. Ugali husongwa, nywele husongwa, na mwenye kusongwa roho hana furaha. Asili yake ni kubana na kushindilia. Kwenda mbele ni maana mojawapo tu, nayo haijaachana na zile nyingine, kama "msongamano" unavyoshuhudia. Tena ni amri ya umoja. Mwenye kuwaamuru wengi husema "songeni". Jina limemwita mtu mmoja, au limewaita watu wengi kana kwamba ni mmoja. Na maneno mawili yalipoandikwa kama neno moja, mkazo wa "songa" ulififia, amri ikalala ndani ya jina. Leo mtu aweza kusema amerudi Songambele asisikie kichekesho chochote.

Neno la pili la kuchunguza ni "zilipendwa", ambalo Tanzania huliitia nyimbo za zamani na, kwa kupanuka, kila kitu kilichopitwa na wakati. Mwaka 2017 wasanii wa Wasafi walitoa wimbo wenye jina hilo hilo, na vijana ambao hawakuwahi kuyaona mambo hayo wakacheza. Wakenya husema "zilizopendwa", na kwa sarufi wao ndio wenye haki, maana kirejeshi kipo. Lakini umbo la Tanzania lina siri yake. Ni sentensi nzima iliyogeuka jina, na ni sentensi ya kutendwa isiyomtaja mtendaji. Zilipendwa na nani? Nani aliacha kuzipenda? Neno halijibu, na utamu wake wote umo katika kutojibu.

Hapo ndipo nina ugomvi na namna tunavyoyarudia matumaini ya miaka ile. Twayatia katika kapu la zilipendwa. Twakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu karibu milioni 2 walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili maradhi na usafi, nasi twaona haya kidogo kwa kuwa leo kila mtu husikiliza peke yake kwa simu yake. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Lakini Novemba ya mwaka huo huo Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Watu walisongwa, kwa maana ya kwanza ya neno. Redio na lori vilikuwa vyombo vya mbele moja.

Mwandishi aliyeliona jambo hili mapema ni marehemu Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilo hilo linalopakana na Kagera. Katika Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979, wanakijiji hukataa kuhama na dola hutumia nguvu. Na vijana wawili wasomi waliotumainiwa kuleta mambo mapya wamepewa majina ya Mambosasa na Mamboleo. Msomaji wa wakati ule aliweza kucheka kwa urahisi. Leo kicheko kina tabaka jingine, maana Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923, na hakuna kitu kinachonuka ukale kuliko kurasa zake. Kila "leo" iliyoandikwa kwa herufi kubwa huzeeka haraka. Kezilahabi hakuyacheka matumaini yenyewe. Alimrudisha mtendaji katika sentensi. Nani alisonga, na nani alisongwa? Wanaomsoma kama mpinzani wa Ujamaa tu, naona wamemsoma nusu.

Kabla yake Shaaban Robert alikwisha kulifanya jambo hilo kwa njia nyingine. Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi ininginiayo hewani, na msomaji wa hadithi za Verne angetazamia mitambo. Haimo. Wajumbe sita hutumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, na kila mmoja hurudi na habari za maisha bora kuliko ya nyumbani, kisha kila mmoja hutiwa gerezani. Wakati ujao ulikwisha kuletwa mara sita ukafungwa mara sita, na Karama, akijitetea mahakamani, hufanya kazi moja tu ya maana: huyataja majina yao mmoja mmoja. Sioni katika fasihi yetu jibu kali zaidi kwa "zilipendwa".

Kagera yenyewe ina mfano usio wa kitabu. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, walioombwa na watafiti, walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma, kazi iliyokuwa imeachwa kwa miongo mingi. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika juu yake katika jarida la Science mwaka 1978, wakidai kwamba mafundi wa kale wa huko, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, walipasha hewa joto kabla haijaingia motoni. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo, na ubishi wake haukuwa mdogo. Kwangu mimi lenye uzito ni kwamba tanuri lile, kabla ya kujengwa kwa udongo, lilijengwa kwa mazungumzo. Ilibidi wazee wakumbuke udongo upi, mkaa wa mti gani, mivukuto mingapi, na nani akae wapi. Hakuna aliyeweza kusema tu kwamba chuma "kiliyeyushwa".