Sikio Kwenye Barabara ya Muleba

Kabla hatujatoka Bukoba, mzee alizunguka gari akipima upepo wa kila tairi. Kisha akazima redio, akashusha kioo, akafika mwendo wa kilomita 50 kwa saa na kubaki hapo hapo. Ukicheza na mwendo, alisema, hutajua kilichobadilika ni barabara au ni mguu wako. Ni fundi wa barabara mstaafu, nami nilikuja kumtazama akisikiliza.

Lami ya kumwagia, ile ambayo kokoto hutandazwa juu ya lami ya moto na kushindiliwa, ikiwa nzima hutoa mvumo mzito, wa sawasawa, kama mvua ya mbali juu ya migomba. Mimi nilidhani kimya ndicho uzima. Tulipopita Kyetema mvumo ukafifia ghafla. Nikafurahia ulaini, yeye akakunja uso.

"Hapo kokoto zimezama, mwanangu. Lami imepanda juu."

Tukasimama. Palikuwa peusi, panang'aa, na kwa jua lile soli ya kiatu ilinata kidogo. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Ikinyesha, pale tairi halina cha kushika.

Kiraka hubisha mara mbili, tairi linapoingia na linapotoka. Ila nyufa ndizo zilizonishika. Manyunyu yakipita na barabara ikakauka machoni, hubaki vipande ambako tairi bado linanong'ona "shhh". Maji yamejificha ndani ya nyufa, na kila gurudumu linayasukuma chini, kwenye tabaka linalobeba lami. Shimo ambalo bado halijazaliwa tayari lina sauti.

Wahandisi wana kipimo cha IRI, kilichotokana na majaribio ya Brazil ya mwaka 1982, kinachohesabu jinsi mabonde yanavyolitikisa gari. Kelele ya tairi nayo ina kanuni yake, ISO 11819-2 ya mwaka 2017: maikrofoni huwekwa karibu kabisa na tairi, mwendo haubadilishwi, barabara iwe kavu. Masharti hayo hayo mzee anayatimiza kwa sikio tupu, na anajua pia pa kutoliamini. Barabara inapopita katikati ya kilima kilichokatwa, kingo hurudisha mvumo. Asiyejua ataisingizia lami.

Baada ya Muhutwe alianza kusikia "tik, tik" nyembamba. Akaweka alama tatu kwenye daftari lake, bila kusema neno. Muleba tulipofika aliteremka, akapitisha kiganja taratibu juu ya kila tairi. La nyuma kushoto lilikuwa limebana kokoto moja ndogo. Akaichokonoa kwa bisibisi, akaipima mkononi, akafungua daftari na kuzifuta alama zote tatu.

"Panda, mwanangu," akasema. "Turudi Muhutwe tuanze upya."