Ufundi wa Kuiweka Programu Macho

Kuna mafundi wa kompyuta ambao kazi yao haitajwi popote, nami nawaheshimu kuliko wengi wanaotajwa. Ni wale wanaotunza programu za wavuti zenye watumiaji wachache: daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, ratiba ya mazoezi ya kwaya, orodha ya vitabu vya maktaba ya shule. Fedha ya seva hakuna. Programu inakaa kwenye seva ya bure, na cha bure kina masharti yake.

Chukua Render, huduma ya seva na mojawapo ya makimbilio ya wengi baada ya mwenzake Heroku kufuta mpango wake wa bure Novemba 2022. Programu ya bure ikipitisha dakika 15 bila kufunguliwa na mtu, inazimwa. Atakayekuja baadaye atangoja kama dakika nzima iwake upya. Mwanakikundi anayetafuta salio lake huku bando linaisha ataamini programu imekufa, wala hatarudi. Programu ya watu laki moja haitajua kwamba ameondoka. Ya watu thelathini itajua.

Dawa iliyozoeleka ni kuipigia hodi: mtambo wa nje unaiita kila baada ya dakika 5 ili isilale. Kuuliza mashine kama ipo ni jambo la zamani. Desemba 1983 Mike Muuss, mtafiti katika maabara ya jeshi la Marekani, aliona mtandao unasuasua, akaandika programu ya ping kwa jioni moja, nayo inatumika hadi leo. Lakini kuita usiku na mchana bila kufikiri si ufundi. Render hutoa saa 750 kwa mwezi, zigawanywe kwa programu zote za bure za mwenye akaunti. Mwezi wa siku 31 una saa 744. Programu moja itakesha mwezi mzima. Zikiwa mbili, saa zitakwisha katikati ya mwezi na zote zitasimamishwa.

Hapo ndipo fundi anapojulikana. Anasoma kumbukumbu za seva, anatambua watu wake huja saa ngapi, kisha anaziweka macho programu zake mbili kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Saa 12 kwa siku 31 ni 372. Kwa programu mbili, 744. Zimetosha, na sita zimebaki. Ila hodi ya mwisho ikipigwa saa 12 jioni kamili, kila programu itabaki macho robo saa zaidi kila siku, na jumla itapita 750. Basi ya mwisho inapigwa saa 12 kasorobo. Na kwa kuwa mitambo mingi ya ratiba hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, saa 12 asubuhi ya Dodoma, yaani 06:00, inaandikwa 3. Naipenda mno hesabu hii. Robo saa ndiyo inayoamua kama kwaya itaipata ratiba yake tarehe 31.

Kwa anayekuja usiku, fundi huweka ukurasa wa mbele peke yake kama faili tuli, maana faili tuli hazilali. Mgeni anasoma salamu na maelekezo papo hapo, huku ukurasa ukiiamsha seva nyuma ya pazia.

Kuna jambo wengi hulisahau: anayekagua naye ni mgeni. UptimeRobot, huduma ya kukagua kama tovuti iko hewani, ikiachwa ikague usiku kucha, itaziamsha programu na kuzila zile saa. Kwa hiyo hodi na ukaguzi viwe ombi moja, na ombi hilo lisiishie mlangoni. Nimeona kurasa zinazojibu 200, yaani kila kitu ni salama, ilhali hifadhidata imekatika. Ukurasa wa afya ulioandikwa vizuri huiuliza hifadhidata swali dogo kwanza, ikikosa kujibu unatoa 503, yaani huduma haipatikani, na simu ya fundi inalia.

Hifadhidata ya bure ya Render, hata hivyo, hufikia kikomo baada ya siku 30. Kwa hiyo kila siku nakala yake hupelekwa kwingine, na kazi hiyo ikimalizika huripoti kwa Healthchecks.io, ambayo hutoa onyo pale taarifa isipofika. Fundi ninayemsifu haridhiki na ripoti. Hufungua nakala yenyewe kwenye kompyuta yake, akahesabu safu za michango, akalinganisha na daftari la mweka hazina.