Mkono wa Profesa Gower

Profesa L. C. B. Gower, ambaye wenzake walimwita Jim, aliijua sheria ya makampuni kwa kuifundisha. Tangu 1948 alikuwa profesa wa sheria ya biashara katika London School of Economics. Mwaka 1954 alitoa Principles of Modern Company Law, kitabu kilichosomwa hadi Nairobi na Dar es Salaam, ambako sheria za makampuni zilifuata za Uingereza. Humo alianza na historia: kanuni ilizaliwaje, ilikusudiwa kumlinda nani, na je, bado inamlinda?

Ghana ilimwita 1958 aikague sheria yake ya makampuni. Gower hakuishia kwenye mapendekezo. Aliandika rasimu nzima, kifungu kwa kifungu, akaweka na maelezo ya sababu zake, ili hakimu wa kesho asilazimike kubahatisha. Hisa alizivua ile thamani iliyoandikwa juu ya cheti, kwa kuwa humfanya mnunuzi adhani ndiyo bei yake sokoni. Rasimu ikawa sheria 1963, ikatumika hadi 2019.

Kazi yake kubwa jijini London ilikuja akiwa na miaka 67. Mapema 1981 kampuni ya uwekezaji ya Norton Warburg ilianguka, na fedha za wateja zikaenda nayo. Sheria iliyokuwepo, ya 1958, iliwabana zaidi wauzaji wa hisa. Washauri na wasimamizi wa fedha za watu ilikuwa haijawashika sawasawa. Julai mwaka huo serikali ilimkabidhi Gower, peke yake, kazi ya kuchunguza ulinzi wa wawekezaji.

Hakukimbilia hitimisho. Januari 1982 alitoa kwanza waraka wa majadiliano, akauweka mbele ya mabenki, madalali na wanasheria waushambulie wapendavyo. Akasoma hoja zao, akapima, akarekebisha. Sehemu ya kwanza ya ripoti yake ilitoka Januari 1984, miaka miwili baadaye. Aliyekuwa na jina kubwa kama lake angeweza kuandika ripoti hiyo kwa miezi michache. Yeye alichagua kusikiliza pingamizi kabla halijafika bungeni.

Matunda yake yanaonekana katika Sheria ya Huduma za Fedha ya 1986. Itazame ilivyoungwa. Kifungu cha 1, pamoja na jedwali lake, kilieleza uwekezaji ni nini na biashara ya uwekezaji ni ipi. Cha 3 kilikataza kuifanya biashara hiyo bila idhini au msamaha wa kisheria. Cha 4 kililifanya jambo hilo kosa la jinai. Cha 5 kilimgeukia aliyeumizwa: mkataba alioingia na asiye na idhini haukuweza kutumiwa dhidi yake, naye aliweza kudai fedha zake. Maana, katazo, adhabu, fidia. Kifungu kimoja kikilegea, vyote vinne vinapwaya.

Kipimo cha ulinzi ndicho kilichohitaji ustadi zaidi. Gower alishikilia kwamba sheria haiwezi kumkinga mtu na kila upumbavu wake. Kazi ya sheria ni kumkinga mtu mwenye busara ya kawaida asifanywe mpumbavu. Ni kama macho ya wavu: yakiwa madogo mno unazoa hata vidagaa, yakiwa makubwa mno papa anapita. Watanzania waliopanda mbegu zao, yaani fedha zao, katika upatu wa DECI kabla ya kusimamishwa 2009 wanajua uchungu wa kumkabidhi fedha mtu ambaye hukumuuliza ameidhinishwa na nani.

Gower alifariki 1997. Bunge la Uingereza lilipotunga sheria mpya mwaka 2000, chombo cha udhibiti kilibadilika, ila mpangilio ule ulibaki: katazo katika kifungu cha 19, kosa katika cha 23, mkataba usiotekelezeka katika cha 26. Waandishi wapya walikuwa na uhuru wa kuanza upya. Walipofika kwenye maungio hayo, waliyakuta bado yamekaza.