Dakika Tano za Mlima Hakone

Tarehe 2 Januari 2009, Mkenya Gitau Daniel wa Chuo Kikuu cha Nihon alipokea ukanda wa timu yake akiwa nafasi ya 22. Alipoukabidhi alikuwa wa pili. Alikuwa amewapita watu 20 katika kipande kimoja. Kwenye barabara hiyohiyo Mkenya mwingine, Mekubo Mogusu wa Yamanashi Gakuin, alikimaliza kipande hicho kwa saa 1, dakika 6 na sekunde 4, rekodi mpya. Hata hivyo taji lilikwenda Toyo, chuo ambacho hakikuwa kimewahi kulitwaa, na aliyelifungulia njia ni kijana wa mwaka wa kwanza aliyewapita watu wanane tu.

Hakone Ekiden ni mbio za kupokezana za vyuo vikuu vya Japani, zilizoanza mwaka 1920. Wakimbiaji kumi hugawana takriban kilomita 217: watano wanatoka Tokyo hadi Ziwa Ashi siku ya kwanza, watano wanarudi kesho yake. Hakuna kijiti. Kuna tasuki, ukanda mwembamba wa kitambaa wenye rangi za chuo, unaovaliwa kutoka begani hadi kiunoni. Anayekaribia kituo huuvua akiwa bado mbioni, akauzungusha mkononi, kisha akaunyoosha kwa mikono miwili ili mwenzake audake bila kusimama. Anayepokea huuvaa huku miguu yake tayari inakwenda, na kitambaa kimeloa jasho la mwingine.

Turudi kwa Gitau, aliyekimbia kipande cha pili kama Mogusu. Kipande cha kwanza huishia timu zikiwa zimebanana, kwa hiyo nafasi 20 zinaweza kuwa dakika chache tu. Isitoshe, kipande cha pili ndipo vyuo huweka mkimbiaji wao bora, na ni tambarare kuliko mlima unaokuja. Mogusu alikwenda kwa wastani wa karibu dakika 2 na sekunde 51 kwa kilomita. Tuseme mkimbiaji hodari anamzidi mpinzani wake sekunde 5 kila kilomita, pengo kubwa mno kwa watu wa kiwango hicho. Zidisha kwa kilomita 23 za kipande hicho: hupati hata dakika mbili. Wakenya wamekuwa wakitikisa Hakone tangu Joseph Otwori alipotokea mwaka 1989, lakini kila timu inaruhusiwa kumchezesha mgeni mmoja tu. Mgeni huyo akishakabidhi, wamebaki Wajapani watupu.

Kipande cha tano kina hesabu nyingine. Kinaanzia Odawara, karibu na usawa wa bahari, kinapanda hadi mita 874, kisha kinateremka kidogo kufikia ziwa. Mwaka ule kilikuwa kilomita 23.4, kirefu kuliko vyote. Ryuji Kashiwabara wa Toyo alipokea ukanda akiwa wa tisa, dakika 4 na sekunde 58 nyuma ya Waseda, chuo kilichokuwa kikiongoza. Kwa namna alivyopanda, akisukuma tangu mwanzo bila kujiwekea akiba, ungesema anakimbia mita 5,000. Alimaliza wa kwanza, sekunde 22 mbele ya Waseda, kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 18.

Maana yake alimnyang'anya mtu wa Waseda dakika 5 na sekunde 20, karibu sekunde 14 kila kilomita. Mlimani hata mwanafunzi mwenye kasi nzuri uwanjani hupoteza mdundo, hatua zinafupika, uzito wake mwenyewe unamgeukia. Pengo ambalo tambarare halilikubali, mlima unalitoa bure. Waandaaji walikifupisha kipande hicho hadi kilomita 20.8 kuanzia mwaka 2017, nami nadhani walifanya vyema: mtu mmoja asibebe uamuzi wa kumi.

Hata hivyo mwaka 2009 haukuamuliwa na mmoja. Kesho yake, kama ilivyo kanuni, Toyo walianza na sekunde zao 22 na Waseda wakafuata. Wakiteremka, Waseda walizirudisha zote na kuongoza. Toyo walikamata tena uongozi katika kipande cha nane na kuulinda hadi Tokyo. Walishinda kwa sekunde 41, baada ya saa 11 na dakika 9. Hapo ndipo ninapoupenda mchezo huu kwa dhati: anayekimbia tambarare siku ya pili, ambaye hakuna atakayemwita mungu wa mlima kama Kashiwabara, analinda sekunde ambazo mwingine alizipata kwa kuungua mapafu.

Na wapo wanaokimbiza saa badala ya taji. Siku ya pili, katika kituo cha mwisho cha kupokezana, Tsurumi, zikipita dakika 20 tangu kiongozi apite, wakimbiaji ambao wenzao hawajafika huamriwa kuondoka. Mkimbiaji wa kumi anageuka kutazama barabara, haoni mtu, bunduki inalia, anaondoka. Wakati mwingine mwenzake hujitokeza mita chache tu nyuma, ukanda tayari ameuvua, ameuzungusha mkononi.